Google au Instagram: mwenye tovuti Tanga aanzie wapi?

Nimewahi kuwa na wateja wawili kwa mpigo, wote wa Tanga mjini, na kila mmoja ana tovuti aliyoilipia ikakaa tu bila kumletea kitu. Mmoja ni mama mwenye gesti ya vyumba kumi na viwili, njia ya kwenda Raskazone. Mwingine ni fundi cherehani wa Ngamiani, mshonaji wa kanzu za maharusi. Walikuja siku tofauti na swali moja: hela niliyonayo inatosha kitu kimoja tu, niiweke kwenye Google au niiweke Instagram?

Sikuwapa jibu moja. Mama nilimsukumia Google. Fundi nilimwambia Google aiache ikae kwanza, mwaka huu ahangaike na Instagram na WhatsApp. Naeleza hapa kwa nini, maana swali hili naulizwa karibu na kila mwenye tovuti, na wengi wameshajibiwa na mtu anayeuza kimojawapo. Mimi nauza vyote viwili, kwa hiyo na mimi nisomeni kwa jicho la pembeni.

Anayeuliza njia na aliyekaa barazani

Msemo wa mji wetu mnaujua: waja leo waondoka leo. Katika kazi hii ndio unaonisaidia kuliko vitabu vyote vya masoko. Mtu anashuka stendi ya Kange saa mbili usiku, katoka Mwanza au Dodoma, begi begani, hamjui yeyote. Zamani angemuuliza bodaboda. Siku hizi anaiuliza simu kwanza, bodaboda anabaki kupewa jina la mahali. Huyo ni mtu wa Google. Anachokitaka anakijua, tena anakitaka usiku huu huu, ila hajui kilipo.

Mwenyeji hafanyi hivyo. Hakuna mtu wa Makorora anayeingia Google kutafuta kinyozi au pweza wa kuchoma. Kama hajui, binamu yake anajua. Mwenyeji anashika simu kwa sababu amekaa barazani kazi zimeisha, anapitisha kidole tu, mara anaona kanzu nyeupe yenye darizi ya dhahabu shingoni, imevaliwa na mtoto wa jirani siku ya nikaha. Dakika moja nyuma hakuwa na shida ya kanzu. Sasa anauliza bei.

Basi kabla hujaniuliza mimi, jiulize mteja wako ni yupi kati ya hao. Fundi wa jokofu, zahanati, wakala wa kutoa mizigo bandarini, muuza vipuri, mwenye gesti: hawa wanatafutwa. Keki, udi, mapambo ya harusi, madera, chakula cha kupelekewa nyumbani: hivi vinaonwa. Na usidhani wanaotafuta ni watalii peke yao. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, lenye kilomita 1,443, linaishia hapa kwetu Chongoleani, na kazi zake zimeleta mafundi na madereva ambao hawana shangazi Tanga wa kuwapokea.

Kuhusu Google, kwa aliye tayari kusubiri

Kazi ya kuifanya tovuti ionekane watu wanapotafuta, wenyewe wanaiita SEO, na wapo wanaoiuza kama dawa ya mganga. Haina uchawi. Google ina programu inayopita kwenye kurasa kwa kufuata viungo (linki), kutoka ukurasa huu kwenda ule. Inachokisoma inakiweka kwenye faharasa yake, yaani orodha yake ya kurasa inazozijua. Mtu akiandika maneno, inachagua humo humo kwenye faharasa nani atangulie. Ukurasa ambao haukuingia kwenye faharasa, kwa Google haupo, hata kama wewe ukiandika anwani yake unaufungua vizuri.

Tovuti ya yule mama ndivyo ilivyokuwa. Ilikuwa hewani mwaka mzima. Nilipoingia ndani nikakuta kisanduku kimoja kidogo kwenye mipangilio ya WordPress, programu iliyotumika kuijenga tovuti, kile cha kuziomba injini za utafutaji zisiiorodheshe tovuti, kimewekwa tiki. Aliyeijenga alikiweka wakati wa ujenzi, akasahau kukitoa, akachukua malipo yake akaondoka. Mwaka mzima mlango umefungwa kwa ndani na mama anasema biashara mbaya. Ukitoka kusoma hapa, kabla hujamlipa mtu yeyote shilingi, kaangalie hicho kisanduku. Halafu jiunge na Google Search Console, ni bure, itakuonyesha kurasa zipi zimeingia na watu waliandika maneno gani hadi wakaziona.

Maneno ndiyo yenye utamu. Ukurasa wake wa mbele ulikuwa umeandikwa "Malazi tulivu yenye hadhi ya kipekee", na kichwa cha ukurasa, kile kinachotokea kwa maandishi ya bluu kwenye matokeo, kilisema "Home". Sasa mfikirie yule abiria wa Kange. Kachoka, chaji ya simu inaisha, ataandika "malazi tulivu yenye hadhi"? Ataandika "gesti tanga mjini bei". Ataandika "lodge karibu na stendi kange". Akiwa na familia ataandika "gesti yenye parking na kiyoyozi". Hatumii herufi kubwa, hajali nukta, anachanganya lugha, na Google inamwelewa. Tukakaa na mama mapokezini tukaandika upya kwa maneno hayo: bei ya chumba cha feni na cha kiyoyozi kwa shilingi, maji ya moto yapo au hayapo, geti linafungwa saa ngapi, kutoka Kange kwa bajaji ni mwendo gani. Mama aliona aibu kidogo. "Mwanangu, mbona inasomeka kama tangazo la mlangoni?" Nikamwambia, "Ndiyo, shangazi, na mlangoni ndipo anapotaka kufika."

Kuna faida moja ambayo wenzetu wanaoandika kwa Kiingereza hawana. Kurasa za Kiswahili zinazojibu maswali madogo madogo ya namna hiyo, kwa ninavyoona kila siku, ni chache mno. Kwa Kiingereza gesti ya Tanga inashindana na makampuni makubwa ya kukatia vyumba. Kwa Kiswahili, mara nyingi anayejibu kwa adabu na kwa ukamilifu anapita mbele bila kusukumana na mtu.

Kingine cha bure ni wasifu wa biashara kwenye ramani za Google. Hapo mpangilio unategemea mambo matatu ambayo Google yenyewe inayataja: biashara inahusiana vipi na kilichotafutwa, iko umbali gani na anayetafuta, na inajulikana kiasi gani. Umbali huwezi kuubadilisha, ila hayo mengine yako mikononi mwako. Kuthibitisha kwamba mahali ni pako, siku hizi mara nyingi wanataka video moja isiyokatwa, isiyopungua sekunde 30. Tulianzia barabarani, mama mbele mimi nyuma na simu: kibao cha jina, geti, mapokezi, kisha akatoa funguo kwenye mkoba, akafungua droo ya hesabu na chumba cha kwanza, kuonyesha kwamba hapa yeye ndiye mwenye mali. Mara ya kwanza jogoo wa jirani alipita mbele ya kamera mama akacheka akasimama. Tukarudia.

Wageni wakiondoka waombwe waandike maoni, wote, hata yule aliyelalamikia mbu. Maoni ya kununua yamekatazwa na yanafutwa. Hapo nina kidonda changu. Miaka ya nyuma nililipa mtu aletee tovuti yangu viungo mia kadhaa kutoka kwenye tovuti nyingine, nikiamini kila kiungo ni kura. Ni kweli Google ilianza hivyo mwaka 1998, kuhesabu nani anamtaja nani. Lakini tangu marekebisho ya Google yaliyoitwa Penguin, mwaka 2012, viungo vya kununua ni kujichongea. Tovuti yangu iliporomoka kwenye matokeo, na kuomba viungo vile viondolewe kimoja kimoja kulinila muda mrefu kuliko ningetumia kuandika kurasa ishirini nzuri. Akija mtu anakuahidi nafasi ya kwanza Google ndani ya wiki, mpe chai aende zake. Na akikuuzia orodha ya maneno ya kuficha ndani ya ukurasa, mwambie Google ilitangaza mwaka 2009 kwamba haiyatumii.

Picha nazo zipunguzwe uzito kabla ya kupandishwa. Kipimo cha Google ni kwamba kitu kikubwa cha ukurasa kitokee ndani ya sekunde 2.5, na picha ya simu yenye megabaiti nne kwenye bando la mia tano haifiki hapo. Tena inayotazamwa ni tovuti ilivyo kwenye simu, sio kwenye kompyuta ya ofisini kwa aliyekujengea.

Ubaya wa njia hii ni muda. Maelezo ya Google yanasema badiliko moja linaweza kuonekana baada ya saa chache na jingine baada ya miezi kadhaa. Mwenye kodi ya fremu inayodaiwa mwisho wa mwezi asiitegemee.

Kuhusu Instagram na ndugu zake

Fundi wangu alikuwa na akaunti tayari. Alikuwa anaposti kanzu zimetundikwa kwenye enga, ukutani, moja baada ya nyingine, kama ghala. Laiki sita, saba, zote za wapwa zake. Siku moja nilikuwa dukani kwake akaja bwana harusi kujaribu, baba yake yuko naye. Baba akamnyoosha mwanawe kola, akarudi nyuma hatua mbili, akamtazama, asiseme neno. Nilikuwa nimeshika simu. Video haikufika nusu dakika, tuliwaomba ruhusa, tukaiposti jioni ile ile baada ya magharibi.

Chini yake watu walianza: "bei?", "mnapatikana wapi?", "kwa mtoto wa miaka saba mnashona?" Na fundi, kama wafanyabiashara wetu karibu wote, akajibu "njoo inboksi". Hapo ndipo nilipogombana naye. Mtu ameuliza bei hadharani, unamwita chumbani? Anadhani unapima uso wake kwanza. Andika bei. Kama inategemea kitambaa, andika kuanzia kiasi gani. Hilo peke yake lilimpunguzia maneno na kumwongezea wanaokuja wakiwa tayari na vipimo.

Tovuti inaingia wapi hapo? Pembamba kidogo, niseme ukweli. Kiungo ukikiandika kwenye maelezo ya posti ya Instagram hakibonyezeki. Kinabonyezeka kwenye wasifu, na unaruhusiwa kuweka hadi vitano. Hadithi za Instagram na stetasi ya WhatsApp hufutika baada ya saa 24. Orodha ya kutangazia ya WhatsApp inabeba watu 256, na ujumbe unamfikia yule tu aliyehifadhi namba yako, kwa hiyo kila mteja akitoka dukani aombwe aihifadhi mbele yako. Kwa fundi, tovuti ilibaki kitabu cha mishono: vipimo vinachukuliwaje, vitambaa vilivyopo, kanzu inachukua siku ngapi. Kazi ya kumleta mtu ilifanywa na video.

Kulipia tangazo, hii mnayoiita kusponsa, kuna mahali pake. Unaweza kusema lionwe na watu walio umbali fulani kutoka Tanga, wa umri fulani, na ukaanza kwa kiasi kidogo kwa siku. Likiisha fedha, limekwisha, hakuna linalobaki. Ndiyo maana nilimkataza fundi kutawanya hela mwaka mzima. Harusi zetu zina misimu: zinasongamana Rajabu na Shaabani kabla ya kufunga, halafu zinarudi baada ya Idi. Hela yote iwekwe wiki chache kabla ya hapo, mwezi wa Ramadhani aposti tu bila kulipia, maana watu wanataka kanzu ya sikukuu na watakuja wenyewe. Google haina utani wa namna hiyo. Ukurasa wa kutafutwa Shaabani ulipaswa kuandikwa muda mrefu kabla.

Nyumba ya kupanga

Watu wa SEO wanapenda kusema mitandao ya kijamii ni nyumba ya kupanga na tovuti ni nyumba yako. Nusu yake ni kweli. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika pamoja kwa saa kama sita, dunia nzima, kwa sababu zote ni za mwenye nyumba mmoja. Mei 2025 X (zamani Twitter) ilizimwa hapa nchini, na aliyekuwa na wateja wake wote kule aliamka hana hata namba zao. Nimeona pia akaunti ya duka ikiibwa na mwizi akaanza kukopa fedha kwa wafuasi.

Lakini Google nayo si yako. Mwaka 2011 ilibadilisha mizani yake, ile iliyoitwa Panda, na tovuti zenye maandishi mepesi zikazama. Tangu Mei 2024 imeanza kuweka jibu lililoandikwa na akili mnemba juu kabisa ya matokeo, na anayesoma jibu pale huenda asibonyeze tovuti ya mtu. Kwa gesti haijaniumiza, kwa sababu mtu hawezi kulala ndani ya jibu. Kwa anayeishi kwa makala za maelezo ya jumla, ningekuwa na wasiwasi. Kilicho chako ni domeni, yaani anwani ya tovuti, uliyoisajili kwa jina lako, sio jina la aliyekujengea (kaangalie na hilo), pamoja na namba za wateja.

Naulizwa pia kama laiki zinapandisha tovuti Google. Hapana, sio moja kwa moja, na viungo vinavyotoka kwenye mitandao hiyo mara nyingi vimewekewa alama ya kwamba visihesabiwe. Kinachotokea ni kwamba mtu anaona jina lako Instagram leo, wiki ijayo analiandika Google. Na tangu Julai 2025 posti za wazi za akaunti za kibiashara za Instagram zinaweza kuonekana kwenye matokeo ya Google, kwa hiyo chini ya picha andika maneno ya kueleweka, "kanzu ya bwana harusi Tanga", badala ya mioyo mitatu na moto.

Walio katikati

Yupo kijana anayewatembeza watu Mapango ya Amboni, kilomita zipatazo 8 kaskazini mwa mji. Huyu nilishindwa kumpa jibu moja. Mgeni wa Ulaya anatafuta akiwa bado kwao, kwa Kiingereza, na anataka kusoma kila kitu: kiingilio, viatu gani, popo wapo. Huyo ni Google. Lakini vijana wa Dar wanaokuja mwisho wa juma hawakutafuta chochote. Waliona video ya mwenzao ameshika tochi kwenye giza wakakodi gari. Nikamwambia aandike ukurasa mmoja mzuri wa Kiingereza, autengeneze kweli kweli, kisha asiuguse kwa miezi, na nguvu yake ya kila wiki aipeleke kwenye video. Wa machungwa ya Muheza anayeuza kwa jumla, nilimwambia aachane na vyote viwili akae na makundi ya WhatsApp ya wachuuzi, na tovuti iwe na ukurasa mmoja wenye namba ya simu.

Mama wa gesti aliniuliza atajuaje kama hela yake imefanya kazi. Grafu zangu hakuzitaka. Kwa hiyo kwenye daftari la wageni, baada ya safu ya "unakotoka" na "unakokwenda", tumechora safu moja nyembamba kwa rula. Mgeni akifika anaulizwa, "Umetujuaje?" na binti wa mapokezi anaandika herufi: G kwa Google, I kwa Instagram, M kwa mtu. Tulipokaa kulipitia mara ya kwanza, M zilikuwa nyingi, G zinafuata, I moja tu, na hiyo moja alikuwa mpwa wa fundi.